Mwenye kisukari akitetemeka na kutoka jasho, mpe sukari

Mkuu mleta uzi, umesema shangazi yako mwenye kisukari alianza kutetemeka akaomba soda, jirani akaizuia kwa kuwa "utamzidishia ugonjwa", na unauliza nani alikuwa sahihi. Shangazi alikuwa sahihi. Jirani alikuwa na nia njema, lakini kosa hilo linaweza kuua, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Kisukari hupandisha sukari. Dawa ndizo zinazoishusha, nazo hazijui kama umekula au hujala. Aliyechoma insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe kama maziwa inayochomwa nusu saa kabla ya kula, halafu chakula kikachelewa kwa sababu mkaa umelowa au wageni wamebisha hodi, ndani ya mwili dawa inaendelea na kazi na sukari inashuka kupita kiasi. Vivyo hivyo aliyemeza glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) asubuhi akaenda kulima hadi saa nane bila kula, au aliyekunywa pombe tumbo likiwa tupu. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra sana kuleta shida hii.

Dalili za sukari kushuka: jasho la baridi hata mahali penye kivuli, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, midomo kufa ganzi. Ikiendelea kushuka, mtu anaongea hovyo, anakuwa mkali bila sababu, anapepesuka. Hapo ndipo watu wanaposema amelewa au amepandwa na majini. Usiku utakuta shuka limelowa jasho. Na kama anatumia dawa za presha kama atenolol au propranolol, kutetemeka na moyo kwenda mbio vinaweza kufichika, likabaki jasho tu.

Mashine ikiwa karibu, pima. Chini ya 3.9 (mmol/L) ni sukari iliyoshuka. Angalia mashine yako inasoma kwa kipimo gani, kwani nyingine hutumia mg/dL na huandika 70 badala ya 3.9, na ni kitu kilekile (zidisha kwa 18). Aoshe vidole kwanza. Aliyetoka kumenya embe anaweza kusomeka 9 huku damu yake iko 3.5.

Mashine isipokuwepo, usisubiri. Nusu soda ikimkuta mtu ambaye sukari yake tayari iko juu, itampandisha kidogo kwa saa chache. Ubongo uliokosa sukari hauna hizo saa.

Kinachotakiwa ni gramu 15 hivi za sukari inayoingia haraka kwenye damu: nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji, au kijiko kimoja cha mezani cha asali. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Chapati, maandazi na chokoleti pia si vya kuanzia, kwa sababu mafuta huchelewesha chakula tumboni. Subiri dakika 15, upime tena. Ikiwa bado iko chini ya 3.9, rudia kiasi kilekile. Ikishapanda, ale kitu cha kumshikilia, kama kipande cha mkate au kiazi, kama mlo wake bado uko mbali.

Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimmiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali akawekewe glukosi kwa mshipa. Taja pia dawa anazotumia. Glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa mzee au mwenye figo dhaifu, kwa hiyo mtu anaweza kuzinduka, mkafurahi mkarudi nyumbani, kisha sukari ikashuka tena usiku. Huyo anahitaji kuangaliwa hospitalini, hata kama sasa anaongea vizuri.

Mchangiaji wa juu ameuliza kama asali si ya asili na hivyo haina madhara. Asali ni sukari. Ndiyo maana inaokoa hapa, na ndiyo maana haifai kwenye chai ya kila siku.

Kwa shangazi, cha kufanya wiki hii: awe na glukosi ya unga au sukari kidogo kwenye mkoba muda wote, na akienda kliniki aeleze siku, saa, alichokuwa amekula na dozi aliyotumia. Sukari ikishuka zaidi ya mara moja kwa wiki, dozi inahitaji kuangaliwa upya na daktari. Asiipunguze mwenyewe, na asiache dawa kwa hofu.