Hodi kwa mwenye shamba: nilivyopata pa kuwindia fezanti Iowa

Bunduki nilinunua siku moja. Leseni nilikata kwa simu nikiwa nimekaa kitandani. Mahali pa kuwindia ndipo paliponitoa jasho: misimu mitatu. Vijana wawili wa hapa Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, Marekani, Mkongo mmoja na Mtanzania mwenzangu, wameniuliza nilifanyaje, na kila mara naishia kueleza nusu kwenye simu. Basi leo naandika yote mara moja.

Kwa ambaye hajamwona, fezanti ni ndege wa ukoo mmoja na kuku na kwale. Jogoo ana kichwa cha kijani kinachong'aa, mashavu mekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu wenye mistari. Tetea ana rangi ya majani makavu, na sheria hairuhusu kumpiga. Asili yao ni Asia. Hapa Iowa husimuliwa kwamba mwaka 1900 au 1901 dhoruba ya upepo iliangusha uzio wa mfugaji mmoja pale Cedar Falls, ndege wapatao 2,000 wakatoroka na kuzaana. Mhamiaji kama sisi, ila yeye hakuulizwa karatasi.

Mimi nimekulia Singida. Kwale tuliwatega kwa vitanzi vya singa za ng'ombe pembeni mwa mashamba ya mtama, na sikumbuki mtu aliyeniuliza nimepewa ruhusa na nani. Pori lilikuwa pori. Nilipofika huku nilidhani majani marefu yasiyolimwa, yasiyo na uzio wala kibao, ni pori vilevile. Siyo. Zaidi ya asilimia 97 ya ardhi ya Iowa ni ya watu binafsi, na ukiingia kuwinda bila ruhusa ya wazi ya mwenyewe umeshavunja sheria, kibao kiwepo kisiwepo.

Kabla ya yote, hakikisha hadhi yako ya uhamiaji inakuruhusu kushika silaha. Mimi nilianza nikiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya muda ana masharti yake, na kosa la hapo linaweza kukufukuzisha nchini, kwa hiyo muulize mwanasheria kwanza. Halafu kuna kozi ya usalama wa uwindaji, ambayo ni lazima kwa kila aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1972. Usiione kama usumbufu, mimi ilinifunza mengi.

Msimu wa kwanza nenda kwenye ardhi ya umma. Yapo maeneo ya wanyamapori ya jimbo, na upo mpango uitwao IHAP, ulioanza mwaka 2011, ambapo wenye mashamba husaidiwa kutunza makazi ya ndege nao wanawaruhusu wawindaji kuingia kwa miguu. Ramani yake iko wazi kwenye tovuti ya idara ya maliasili ya jimbo. Huko utajifunza kumtumia mbwa wa kuwindia, utajifunza kulenga, utajifunza kutembea kwenye majani yanayokufika kifuani. Ila siku ya ufunguzi, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, utakuta magari yamepangana kama kwenye mnada, na ikifika wiki ya pili jogoo waliobaki wamekuwa maprofesa. Wanakimbia kwa miguu, na wakiruka ni mbali kuliko marisau yanavyoweza kufika.

Ndiyo maana unahitaji shamba la mtu.

Jifunze kwanza kuusoma mji wa fezanti. Anataka vitu vitatu karibu karibu: chakula, majani ya kulala, na mahali pa kujificha na baridi. Chakula ni mahindi na soya, havina shida, Iowa yote ni mahindi na soya. Majani ndiyo adimu. Tafuta mashamba yaliyo kwenye mpango wa serikali kuu uitwao CRP, uliotokana na sheria ya kilimo ya mwaka 1985, ambapo mkulima hulipwa kuacha ardhi dhaifu iote majani kwa mkataba wa miaka 10 hadi 15. Ukiona majani marefu ya rangi ya dhahabu yamepakana na mahindi, na bondeni kuna matete, simamisha gari uandike. Nenda kaskazini-magharibi, kaunti kama Pocahontas na Calhoun, zunguka taratibu kwenye barabara za changarawe. Barabara nyingi zimepangwa kila baada ya maili moja, kila mraba ni ekari 640, kwa hiyo ukishazoea hupotei.

Kumjua mwenyewe si kazi ngumu. Kila kaunti ina ofisi ya mthamini wa ardhi, nyingi zina ramani mtandaoni, unabonyeza kiwanja jina linatokea. Kuna vitabu vya ramani za viwanja vinavyouzwa, na kuna programu za simu zinazokuonyesha umesimama kwenye ardhi ya nani. Lakini jina kwenye ramani lisikudanganye. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kilimo ya jimbo hili hulimwa na mpangaji. Mwenyewe anaweza kuwa bibi anayeishi Arizona, au kampuni ya kifamilia yenye ndugu saba wasioelewana.

Hapo nilijikwaa. Msimu wa pili nilipewa ruhusa na kijana niliyemkuta anatengeneza trekta, nikaingia kwa raha zangu, nikapiga jogoo wawili. Natoka nikakuta pikapu imeziba gari langu. Mzee mmoja ndani, uso umekunjamana. Kijana yule alikuwa mpangaji wa upande wa mashariki tu, na mimi nilikuwa magharibi. Nilifungua bunduki, nikaiweka chini, nikasogea mikono ikionekana, nikaomba radhi, nikampa ndege wote wawili. Hakuwachukua. Alisema tu, "Siku nyingine uliza mpaka ujue unamuuliza nani." Hakuita polisi, na kwa hilo namshukuru. Sasa swali langu la kwanza kwa kila ninayemkuta ni: shamba hili ni lako au unalilima tu? Swali la pili: mpaka unaishia wapi? Namwomba aninyooshee kidole kwenye ramani ya simu yangu.

Sasa tuje kwenye hodi yenyewe, maana hapa ndipo wengi tunaposhindwa.

Usiende Oktoba. Oktoba mkulima yuko kwenye kombaini kuanzia asubuhi mpaka usiku, analala saa tano, na wewe unamsimamisha kuulizia ndege. Nenda Agosti, mazao yanasubiri na watu wana nafasi ya kusimama barazani. Jumapili alasiri ni nzuri, asubuhi wako kanisani. Usivae nguo za kijeshi wala za madoadoa. Usiende wanne kwenye gari moja. Nilikuwa namchukua binti yangu wa miaka tisa, na nakiri wazi kwamba yeye amefungua milango mingi kuliko mimi.

Mlango gani? Hili hakuna aliyeniambia. Nyumba za mashamba huku zina mlango wa mbele mzuri wenye ngazi, na haufunguliwi na mtu. Wenyeji hupitia mlango wa pembeni, karibu na gereji. Ukigonga wa mbele wanajua ni mgeni au ni muuza dini. Gonga wa pembeni, halafu rudi nyuma hatua nne tano, usimame mahali unapoonekana kupitia dirishani.

Na ndiyo, nitasema, maana najua unawaza. Mimi ni mtu mweusi mwenye lafudhi, nasimama kwenye uwanja wa mtu ambaye jirani yake wa karibu yuko nusu maili, naomba kuingia na bunduki shambani kwake. Mara nyingi nimepokelewa vizuri kuliko nilivyoogopa. Mara mbili nimeona pazia likisogea na mlango usifunguke. Sikugonga tena, na wewe usigonge tena. Bunduki ibaki nyumbani kabisa siku ya kuomba, hata kwenye buti isiwepo.

Kilichonisaidia zaidi ni mshenga. Kwetu huendi kuposa peke yako, unatanguliza mtu anayejulikana. Nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha nyama, na mwenzangu wa zamu alikuwa mtoto wa wakulima wa Calhoun. Miezi kadhaa tulikula pamoja bila mimi kutaja ndege. Siku niliyotaja, alicheka, akampigia mjomba wake palepale. Dakika mbili. Misimu miwili ya kuzunguka na ramani, na jibu lilikuwa limekaa mbele yangu linakula sandwichi. Kwa hiyo angalia kwanza watu unaowajua: kazini, kanisani, kwa fundi wa magari, kwa mwalimu wa mtoto wako. Iowa karibu kila mtu ana mjomba mwenye ekari.

Ukifunguliwa, salimia. Siyo "naomba kuwinda" moja kwa moja. Jina lako, unaishi wapi, unafanya kazi wapi, nani amekuelekeza. Hapa malezi yetu ni mtaji. Mtu aliyefundishwa kuuliza habari za nyumbani, za mvua na za mifugo kabla ya shida yake hapati tabu na mkulima wa Iowa. Ongea mahindi kidogo. Kisha omba kitu kidogo na chenye mipaka: mtu mmoja, mbwa mmoja, kwa miguu, alasiri moja, jogoo tu. Mwachie karatasi yenye jina, namba ya simu, aina ya gari na namba zake. Mwambie utampigia asubuhi ya siku unayokuja, kisha upige kweli.

Wanachoogopa ni vitu viwili. Cha kwanza ni kesi: ukianguka kwenye shimo, utamshtaki? Sheria ya Iowa humlinda mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuitumia bure kwa burudani, na kinga hiyo hupungua akianza kutoza. Wengi wanaijua, lakini haidhuru ukiitaja kwa upole. Cha pili ni kulungu. Kuna shemeji, kuna mjukuu, kuna rafiki wa miaka 20 anayemsubiri dume fulani lenye pembe, na wewe na mbwa wako mtalitimua. Kwa hiyo ukiambiwa hapana, shukuru, kisha uliza: "Na msimu wa kulungu ukishapita?" Swali hilo limenipatia mashamba matatu kati ya manne niliyonayo. Msimu wa kulungu kwa bunduki ni Desemba. Fezanti anaendelea hadi tarehe 10 Januari, na theluji ikishaanguka jogoo wote wamejazana kwenye matete. Baridi inaumiza masikio, lakini uko peke yako.

Kuhusu kulipa, kuna wanaokodisha kwa siku au kwa msimu. Sina ugomvi nao, ila mimi sijawahi. Kuna pia mashamba ya ndege waliofugwa, unalipa wanaachiwa. Ni mazuri kwa kumfundisha mbwa, lakini jogoo wa kufugwa anaruka kama aliyeamshwa usingizini.

Siku ya siku, fuata sheria hata kama hakuna anayekuona: kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 na nusu jioni, jogoo watatu kwa siku, nguo ya rangi ya chungwa inayong'aa, na usifyatue ndani ya yadi 200 za jengo lenye watu au mifugo bila idhini. Geti liache ulivyolikuta. Usiingize gari kwenye udongo uliolowa, alama za matairi zitakaa mpaka masika na jina lako litakaa nazo. Okota maganda ya risasi, hata yasiyo yako. Kabla ya kuondoka, pita useme umepata nini na umeona nini. Ng'ombe aliyetoka uzioni, bomba linalovuja. Macho yako shambani yana thamani kwake.

Zawadi ni lazima. Mwanzoni nilikuwa nampelekea mtu ndege mzima na manyoya yake, nikashangaa anapokea kama aliyekabidhiwa nepi. Wengi hawataki kazi ya kunyonyoa. Siku hizi mke wangu anasaga nyama ya kifuani, anaweka kitunguu, pilipili manga na giligilani, anakaanga sambusa. Krismasi tunazungusha sahani nne. Mzee mmoja aliniambia nisipokuja kuwinda ni sawa, ila sambusa zisikose.

Nisikudanganye kwamba ukishapata umepata. Masika haya shamba langu bora kuliko yote, ekari 80 za majani na bwawa la matete, mkataba wake wa CRP uliisha. Mwenyewe amezeeka, watoto wanataka mahindi, plau imepita. Ruhusa bado ninayo, ndege hawapo. Agosti nitaanza upya na ile nyumba nyeupe upande wa pili wa barabara, ambayo kwa miaka mitatu nimepita nikipunga mkono tu. Yule mama siku hizi naye ananipungia.