TSH imepanda, mbona naambiwa tezi imelegea?

SWALI: Shikamoo Mama Maabara. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, nina miaka 38. Miezi miwili sasa nachoka ovyo, nywele zinanyonyoka, na jua likiwaka mimi nasikia baridi. Nimepima damu: TSH 7.2, imewekewa alama ya kupanda. T4 wameandika iko sawa. Dada yangu wa Sengerema naye ana tezi, anameza kabimazoli. Kanigawia, nimeshameza siku nne. Kasema pia niache chumvi yenye madini joto. Nimekosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidonge vya dada usimeze tena, hata kimoja. Mengine yote yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

TSH ni homoni, na haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huiamuru ile ya shingo itengeneze T4, homoni inayoendesha kasi ya mwili. Hapo Mwaloni umewaona wenye mitumbwi: makasia yakienda vizuri nahodha ananyamaza, wapiga kasia wakilegea anapaza sauti. Hiyo 7.2 yako, wakati maabara nyingi kikomo ni 4 na kidogo, ni sauti iliyopazwa. Tezi yako inaanza kulegea, ila ikihimizwa bado inatoa T4 ya kutosha. Kabimazoli hupewa mtu ambaye tezi yake inakwenda mbio, TSH yake ikiwa chini, ili ipunguzwe kasi. Wewe unamfunga mikono mpiga kasia aliyekwisha choka! Miaka 22 niliyokaa maabara nimewaona wengi wakidhani TSH ikipanda basi tezi imezidi, na bado linaniuma.

Ukipata homa au koo likiuma siku hizi, nenda hospitali siku hiyohiyo, useme umemeza kabimazoli, wapime chembe nyeupe za damu, maana mara chache dawa hiyo huzishusha.

Hata usipougua, mpelekee daktari karatasi yako na umtajie vidonge hivyo bila aibu. TSH ikiwa chini ya 10 na T4 iko sawa, mara nyingi kipimo hurudiwa baada ya miezi 2 au 3 kabla ya kuanza dawa. Ila kama una mimba au unaitafuta, mwambie mapema, maana hapo hesabu hubadilika. Omba na wingi wa damu upimwe. Damu ikipungua nayo huchosha na kunyonyoa nywele.

Na ile chumvi irudishe jikoni leo. Tezi hutengeneza T4 kwa madini joto hayohayo.