Koiliova za bei nafuu: kliki 32 zisikudanganye

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina Mazda MX-5 ya mwaka 2001, ile ya kizazi cha pili. Shokapu za nyuma zinavuja oili na nikipita kwenye tuta gari inadunda mara tatu nne ndo itulie. Nataka nitoe zote niweke koiliova, yaani zile shokapu zenye springi yake ambazo kimo unakirekebisha, sema bajeti yangu ni ndogo. Nimeona seti ina kliki 32 (hatua za kukaza na kulegeza shokapu), springi kilo 10 mbele na kilo 8 nyuma, inashuka mpaka tairi linaingia ndani ya fenda, na bei ni kama nusu ya zile zenye majina. Gari naendea kazini kila siku, na mara chache kwa mwaka naipeleka uwanja wa mbio. Nichukue?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo iache. Bei rahisi siyo kosa kabisa, ila ulivyonitajia vyote ni vile ambavyo muuzaji anapenda kuvitaja, na vinavyofanya gari ishike barabara hujaambiwa hata kimoja.

Tuanze na kilo. Kilo 10 maana yake springi ikibebeshwa kilo 10 inafupika milimita 1. Gari yako ina kilo elfu moja na kidogo tu, springi za mbele ilizotoka nazo kiwandani ni karibu kilo 3. Ukiruka toka 3 mpaka 10 tairi linaacha kufuata barabara, kila kibonde linarukia, na tairi likiwa hewani halina breki wala kona. Hizo 8 za nyuma ndo zinanitisha zaidi. Mikono inayoshika tairi za nyuma za MX-5 inaipa springi nguvu kubwa kwenye tairi kuliko ya mbele, kwa hiyo springi ya nyuma inatakiwa iwe laini na tofauti ionekane, sasa ukikaza nyuma hivyo, siku barabara ina maji mkia unakutoka kwenye kona kabla hujajua. Kwa matumizi yako mimi ningetafuta 6 mbele na 4 nyuma, 7 na 5 kama uwanja wa mbio unaupenda sana.

Kliki nazo. Niliwahi kufunga seti ya bei rahisi ambayo ilikuwa inasifiwa kwa kliki nyingi, nikahangaika nayo wiki nzima nazungusha tu, mwisho fundi akanitolea shokapu moja tukaiweka mezani, tukatoa springi, tukawa tunaivuta na kuisukuma kwa mkono huku tunabadilisha kliki moja moja. Toka ile laini kabisa mpaka kama ya 20 mkono hausikii chochote, halafu kliki nne za mwisho ikakaza ghafla kama imeganda. Na kushoto na kulia hazilingani! Linganisha na Bilstein B14 au KW Variant 1, hizo hazina kliki hata moja, unarekebisha kimo tu, lakini ugumu wa shokapu umepangwa uendane na springi iliyokuja nayo na gari inatulia. Ukitaka kliki na bajeti ni ya chini kuna Tein Flex Z, ina hatua 16, wao wamepunguza gharama kwa kuifunga moja kwa moja kwahiyo ikiisha unabadilisha shokapu yenyewe, haifunguliwi. BC Racing za BR zina hatua 30 na zinafunguliwa zikatengenezwa upya. Kabla hujalipa muulize muuzaji, shokapu moja ikivuja naipata peke yake? Akianza kuzunguka zunguka tafuta kwingine.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawakiangalii ni namna kimo kinavyorekebishwa. Kuna zile unashusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi, hapo kila sentimita unayoshusha unaikata kwenye nafasi ya shokapu kuingia ndani. Na kuna zile ambazo bodi ya chini nayo inazunguka kwenye nyuzi zake, unashusha gari huku nafasi ya shokapu inabaki vilevile. Kwa MX-5 chukua za pili, maana hizi gari zimezaliwa na nafasi fupi, hasa nyuma, ukishusha sana unakuwa unaendesha juu ya ile raba ya kuzuia kugonga. Sentimita 3 chini ya kimo cha kiwandani zinatosha kabisa, habari za tairi kuingia ndani ya fenda achana nazo.

Utajuaje umeshusha sana? Chukua kile kifungo cha plastiki cha kufungia nyaya, kifunge kwenye shafti ya shokapu kisikaze sana, kisukume mpaka kiguse bodi. Endesha njia yako ya kazini kama kawaida halafu chungulia kimepandishwa mpaka wapi. Kikiwa kimekandamizwa kwenye raba, basi springi ni laini mno au gari iko chini mno. Mimi nafanya hivi kila nikibadilisha kitu na sijapata kipimo rahisi kinachokishinda.

Na kama pesa haitoshi kwa seti nzuri, nunua shokapu nzuri mpya zinazotumia springi zako, bushi (zile raba za kwenye viungo vya mikono) badilisha, tairi nazo ziangalie. Gari ya miaka hiyo bushi zake karibu zote zimekufa, na koiliova haiwezi kuziba bushi mbovu.

SWALI: Nimefunga koiliova juzi, sasa mbele inapiga kong kong nikipita taratibu kwenye mashimo. Fundi anasema ndo zilivyo. Kweli?

JIBU: Wakati mwingine kweli, maunti za juu (pale shokapu inaposhikana na bodi ya gari) zenye beringi ya chuma badala ya raba zinapitisha sauti. Ila usikubali haraka. Nyanyua gari na jeki, tairi lining'inie, kisha shika springi uizungushe kwa mkono. Ikicheza juu chini ina maana haijabanwa hata kidogo na ndiyo inagonga, pandisha kikalio mpaka ikae. Halafu kaza zile nati mbili za kufungia kwa spana yake, na angalia stabilaiza linki (vile vijiti vinavyounga stabilaiza na mikono ya tairi), gari ikishushwa huwa zinakaa upande. Mwisho muulize fundi kama bolti za bushi alizikaza tairi likiwa linaning'inia, maana kama ndivyo alivyofanya raba imejisokota na itachanika mapema, azilegeze, gari ikae chini kwa uzito wake, ndo azikaze tena, kisha uende alaimenti.