Mtoto wako, sare na haki ya kusema: kwa wazazi mliofika Marekani karibuni

Wengi wetu tumesoma shule ambako mwanafunzi akiambiwa jambo na mwalimu anaitikia tu, yamekwisha. Ukifika Marekani ukakuta shule ya serikali nayo ina sare, utadhani na mengine ni yaleyale. Sivyo, na katika vikao vya wazazi ninavyotafsiri naona jinsi familia zinavyonyamazia mambo ambayo watoto wana haki nayo kabisa.

Sare yenyewe msiigombanie. Mahakama za rufaa ziliziunga mkono shule katika kesi za Louisiana (2001) na Nevada (2008), mradi lengo liwe masomo na nidhamu, si kuwaziba watoto midomo. Nunua suruali ya kaki na shati la kola, mtoto aende shule.

Lakini akibandika beji kwenye hilo shati? Desemba 1965, mjini Des Moines, Iowa, Mary Beth Tinker, msichana wa miaka 13, na wenzake walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam. Wakasimamishwa shule. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliwapa haki kwa kura 7 dhidi ya 2: mwanafunzi haiachi getini haki yake ya kusema. Shule ikitaka kumzuia, ioneshe kwamba masomo yatavurugika kweli au haki za wengine zitaingiliwa. Wasiwasi wa mwalimu mkuu peke yake hautoshi.

Mwaka 2006 wanafunzi wa Watson Chapel, Arkansas, nao walivaa vitambaa vyeusi, safari hii wakipinga kanuni ya sare. Waliadhibiwa, wakashtaki, wakashinda hadi rufaa mwaka 2008. Mahakama haikuona tofauti kati ya kupinga vita na kupinga kanuni ya bodi ya shule. Kesi hii naipenda kwa sababu inamgusa mtoto wa shule ya sare moja kwa moja.

Kuna na ya Reno, Nevada, ambako fulana ya sare iliandikwa kauli ya "Viongozi wa Kesho". Kwetu wito wa shule kifuani ni fahari. Huko, mwaka 2014, mahakama ya rufaa ilisema kumvalisha mtoto maneno ni kumlazimisha kuyasema, na shule lazima iwe na sababu nzito sana.

Mipaka ipo: matusi hayalindwi, wala kushabikia dawa za kulevya. Na shule binafsi hazibanwi na hukumu hizi.

Mwanao akivuliwa beji, omba kanuni kwa maandishi, kisha uliza kama beji za timu za mpira nazo zinavuliwa, au ni ya mwanao tu. Hijabu ina njia yake: omba ruhusa ya kidini mapema, kwa barua. Na kama Kiingereza hakijakaa sawa, dai mkalimani. Shule ya serikali inapaswa kukupatia bila malipo. Usikubali mtoto atafsiri kesi yake mwenyewe, hata mwalimu akisema ni dakika tano tu.