Deni la Sukari na Nauli ya Tanga

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba maduka madogo ya Pangani yanakufa huku tukiyaangalia. Barua zimekuja, nyingine za kunisuta. Nazijibu zile ambazo majibu yake yatamfaa na mwingine.

*Tanga sukari ni nafuu kwa shilingi 200 kila kilo. Kwa nini ninunue hapa, mwenye duka anenepe? – Mama wa watoto wanne, Bweni*

Mama, tupige hesabu. Wewe unavuka mto kwa kivuko, kisha unapanda gari mwendo wa kilomita 50 hivi. Tuseme kwenda na kurudi kunakula 8,000. Basi sharti ununue kilo 40 ndipo nauli irudi, na siku nzima imekwisha. Ukiwa na safari yako nyingine, hospitali au kumwona mtoto shuleni, nunua hukohuko. Hakuna wa kukulaumu. Ila hiyo 200 haimnenepeshi mtu. Gunia limelipiwa gari, limelipiwa wapakiaji na washushaji, na likija kwenu Bweni linalipiwa kuvuka pia.

*Shikamoo. Wateja wanakopa kwangu, wakipata hela wanakwenda kununua taslimu duka la pili. Nikidai naambiwa nina roho mbaya. Nifanyeje? – Mwenye duka, Ushongo*

Marahaba, mwanangu. Ulilouliza ndilo lililonifanya niandike tangu mwanzo. Watu wanadhani kulisaidia duka la mtaani ni kununua humo kwa huruma. Mimi nasema ni kulipa deni, basi. Duka lenye mtaji wa laki nane, ambalo laki tatu zimelala kwenye daftari, halina tena pesa ya kuleta mafuta na unga. Rafu zikianza kuonyesha mbao, hata asiyedaiwa anahama.

Sasa huyo anayekupita kwenda duka la pili, usidhani kila mara ni ubaya. Wengi ni aibu. Akija kwako na elfu mbili anaogopa utaikamata yote na nyumbani hakuna unga. Kwa hiyo mwite faragha, kubalianeni apunguze kidogo kidogo, na siku akija na taslimu muuzie kwa uso mkunjufu bila kulitaja deni mbele za watu. Utashangaa watakavyorudi.

Jambo la pili ni tarehe. Ushongo ni kwa wavuvi, na mvuvi hana mwisho wa mwezi. Wa dagaa wanafanya kazi usiku wa giza, mbalamwezi ikishatanda wanakaa. Kusi ikichachamaa, vyombo vidogo haviondoki pwani. Ukimwandikia "tarehe 30" umejidanganya mwenyewe. Mwandikie "giza lijalo". Marehemu baba yangu alikuwa na duka, na daftari lake lilifuata mwezi wa angani kuliko kalenda ya ukutani. Na kila mtu awe na kikomo chake, akikifikia haongezewi, hata awe shemeji. Shemeji ndiye hasa. (Lile bango la "Leo taslimu, kesho mkopo" libandue. Sijaona aliyelisoma akaacha kukopa.)

*Niko Dar. Kila mwezi namtumia mama kifurushi kwa basi: sukari, sabuni, mafuta, mchele. Je, nafanya vibaya? – Kijana wa Mkwaja*

Hufanyi vibaya, unatunza mama. Lakini kifurushi kinalipiwa, mafuta yanamwagika njiani, na mama anatafuta mtu wa kukibeba kutoka stendi. Mtumie mwenye duka pesa kwa simu, mama achukue vitu kidogo kidogo kadiri anavyohitaji, na risiti ya simu ubaki nayo. Ila muulize mama kwanza. Wapo wazee wasiopenda jirani ajue mwanawe ametuma ngapi, na wengine wanapenda ijulikane mtaa mzima.

*Kilo ya duka la mtaani kwetu naiona nyepesi. – Asiyetaka kutajwa*

Tazama mizani kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Mizani ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Haina? Sema naye. Akipuuza, ripoti Wakala. Kumpenda jirani si kukubali kupunjwa.

*Mbona tusirudishe maduka ya ushirika kama zamani? – Mzee wa Mwera*

Mzee wangu, zamani ipi? Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi vijijini yafungwe, ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi. Kwingine yalifungwa kabla mbadala haujakaa sawa, watu wakatafuta chumvi wasiione, na serikali yenyewe ikalegeza. Miaka michache baadaye tulipanga foleni kwenye duka la kaya, lile la mgao, kwa kipande cha sabuni. Ushirika ninaoukubali ni wenye maduka watano kuchanga pesa, kukodi gari moja na kununua jumla pamoja. Kila mmoja na funguo zake.

*Supamaketi kubwa ikifika, si ndiyo mwisho wetu? – Mwenye genge, Pangani mjini*

Hata Dar hazikudumu zote. Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt mwaka 2014, Uchumi ikafunga mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikafuata. Mangi wa kiduka cha pale kona bado yupo, tena anafungua kabla ya alfajiri. Wewe ogopa daftari lako.

*Ni vibaya kuomba nipunguziwe dukani kwa jirani? – Bi harusi mtarajiwa*

Kwenye sukari na unga, ndiyo, muonee haya. Faida yake humo ni ya kuhesabu kwa sarafu. Kwenye doti ya kanga, omba bila woga. Alipokutajia bei ile alishajua utaomba.