Mafaili matatu ya ukoo mmoja: usiunganishe kwa jina

Mkuu, umesema uko Mbeya, dada yako Njombe, mdogo wenu Dar, na kwa miaka miwili kila mmoja ameongeza watu kwenye nakala yake ya mti wa ukoo. Sasa mnataka faili moja. Mimi nimepita njia hiyo na binamu yangu wa Mafinga.

Tunatumia Gramps, ile programu ya bure ya kutunza mti wa ukoo. Niliingiza faili lake la GEDCOM (muundo wa faili wa kuhamishia mti wa ukoo kutoka programu moja hadi nyingine) juu ya langu nikidhani programu itatambua kuwa watu ni wale wale. Haitambui, inaongeza tu. Watu 400 wakawa karibu 800. Bibi mzaa baba yuko mara mbili, kila mmoja na mume wake na watoto wake. Namba ambazo programu humpa kila mtu nazo usizitegemee. I0045 kwangu ni bibi, kwake ni mtoto wa shangazi, kwa sababu namba hizo zina maana ndani ya faili husika tu.

Kilichoniuma kilifuata. Nikatafuta wanaojirudia, ikaja orodha, nikawa nakubali tu waunganishwe. Ukoo wetu unarithisha majina, kwa hiyo babu na mjukuu wake, wajina kabisa, wakawa mtu mmoja. Kufungua chati, babu amekuwa mtoto wa mwanawe! Nilirudi kwenye nakala niliyohifadhi asubuhi ile. Usianze bila nakala, tafadhali.

Mara ya pili nilifungua mti mtupu, nikaingiza faili moja baada ya jingine, watu wa kila faili nikiwawekea alama yao. Kisha nikaanza na wazee ambao sote tunakubaliana, nikashuka. Jina halitoshi: angalia mama yake nani, ameoa au ameolewa wapi, watoto wake akina nani. Mzee akiwa na wake wawili, chambua nyumba ya kila mke peke yake. Binamu alikuwa amewaweka watoto wote kwa mke mkubwa.

Tarehe zikigongana, usichague kwa haraka. Shangazi yetu kwangu alizaliwa 1954, kwa binamu 1951. Tukampigia simu. Akasema, "Mama aliniambia nilikuwa mgongoni siku fuvu la Mkwawa linaletwa Kalenga." Fuvu la chifu huyo wa Wahehe lilirudishwa kutoka Ujerumani Juni 1954, kwa hiyo alikuwa ameshazaliwa. Tukaandika BEF JUN 1954, maana yake kabla ya Juni 1954, na maneno yake yote tukayaweka kwenye maelezo pamoja na tarehe zetu mbili. Wazee wanaokumbuka hivi wanapungua, kwa hiyo hiyo simu pigeni wiki hii hii, hata kama mafaili bado.

Picha: GEDCOM ya kawaida, toleo la 5.5.1, hubeba njia ya kufikia picha tu, picha zenyewe hazimo. Dada yako atume folda nzima ya picha pamoja na faili.