Pete ya almasi kwa mchumba, tena kwa awamu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nimeposa na nimekubaliwa. Mchumba wangu anatamani pete ya dhahabu yenye almasi ya mkato kamili, ile ambayo ukiitazama kwa lenzi maalumu unaona mishale minane, na ukiigeuza unaona mioyo minane. Ni ghali kuliko almasi nyingine za uzito uleule. Muuzaji amekubali nilipe kwa awamu. Je, hii ni israfu?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Mwanamke kuvaa dhahabu na vito ni halali. Allah anauliza katika Suratul A'raf (aya ya 32) ni nani aliyeharamisha pambo Alilowatolea waja Wake. Na bei hiyo si ya bure. Almasi ya duara huwa na nyuso 57 au 58. Ikikatwa kina kupita kiasi, au ikiwa bapa mno, nuru hutorokea chini au ubavuni badala ya kurudi machoni. Kwa hiyo mkataji hukubali kupoteza hata nusu ya jiwe ghafi ili apate vipimo sahihi. Unalipia kazi ya mkono.

Israfu hupimwa kwa mfuko wako. Ila nikudokeze jambo: ile mioyo huonekana kwa upande wa chini, na jiwe likishapachikwa kwenye pete, upande huo hufunikwa. Utalipia mioyo ambayo mkeo hataiona tena! Mtume (s.a.w.) alimwambia swahaba aliyetaka kuoa: “Tafuta, japo pete ya chuma.” Mueleze bibie kwa upole.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hizo awamu. Dhahabu kwa fedha taslimu lazima iwe mkono kwa mkono. Kuichukua leo ukailipa kidogo kidogo ni riba kwa wanazuoni walio wengi, hata kama muuzaji haongezi senti. Almasi haimo katika vile vitu sita vya riba vilivyotajwa katika hadithi ya swahaba Ubada bin Swamit (dhahabu, madini ya fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi), hivyo kuinunua kwa deni inajuzu. Basi bei ya dhahabu na ya jiwe zitenganishwe: dhahabu uilipe yote palepale, deni libaki kwenye jiwe, bila nyongeza ukichelewa.

Mwambie walii wake mapema kama pete ni sehemu ya mahari au ni zawadi, maana uchumba ukivunjika hukumu zake hazifanani. Na usimvishe wewe. Bado si mkeo. Mpe mama yako au dada yako ampelekee.

Wallahu a'lam.